Karatasi ya Damu ya Dada Yangu

Kati ya kansa zinazowapata kina mama, ile ya ovari ni ya mficho mno. Ovari ni vile viungo viwili vitengenezavyo mayai ya uzazi, navyo vimekaa ndani kabisa ya nyonga, hata uvimbe ukianza hauonekani wala haushikiki. Dalili zake ni za kila siku: tumbo kujaa, kushiba upesi, kiuno kuuma, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Mwenyewe husema ni gesi au uzee. Majirani husema amerogwa. Dada yangu mkubwa, akaaye Mbagala, alisema ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa miezi mitano, hata khanga ikawa haimfiki kiunoni. Mwisho tukampeleka Ocean Road, ile hospitali ya pwani iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, ambayo tangu 1996 ni taasisi ya saratani.

Huko akapimwa mengi, na moja ni picha nzima ya damu, kipimo ambacho wengi wenu mmekwisha kufanyiwa. Huhesabu chembe nyekundu, chembe nyeupe za kila namna, na chembe sahani, zile zigandishazo damu mtu akijikata. Mtu mzima huwa na chembe sahani kati ya 150,000 na 450,000 katika mikrolita moja ya damu. Za dada zilikuwa 612,000.

Kijana wa jirani akaichukua karatasi, akatafuta katika simu yake, akasema mbele ya watu wote, "Shangazi, hapa wanasema mwenye kansa hii akiwa na chembe hizi nyingi haishi sana." Dada hakulia. Kesho yake akaanza kugawa kuku wake, huyu wa fulani, yule wa fulani. Siku ya kurudi hospitali akaniambia, "Mdogo wangu, nauli hiyo nunueni sukari."

Kusema kweli, kijana hakutunga uongo. Mwaka 2012 waganga walioongozwa na Anil Sood wa Houston, Marekani, walitoa habari za wanawake 619 wenye kansa ya ovari. Karibu mmoja katika kila watatu alikuwa na chembe sahani kupita kiasi, na hao kwa jumla waliishi muda mfupi kuliko wenzao. Sababu nayo waliiona: uvimbe wenyewe hutoa kitu kiitwacho intaliukini-6, kitu hicho huliamsha ini, na ini huuhimiza uboho wa mifupa kutengeneza chembe sahani zaidi. Chembe nyeupe nazo husema neno: nyutrofili zikizidi mno, na limfositi, askari wa mwili, zikipungua, si dalili njema.

Tulimbembeleza dada siku tatu akubali tu kwenda kusikia kwa kinywa cha daktari. Daktari akamwambia, "Mama, hesabu hizi ni za kundi, si za mtu mmoja. Tena chembe sahani hupanda hata kwa upungufu wa madini ya chuma, hata kwa ugonjwa wa kuambukizwa." Akasema yaliyo mazito zaidi ni mengine: kansa ni ya namna gani, imeenea hadi wapi, na mpasuaji atabakiza uvimbe kiasi gani. Na kwa hayo hakumficha. Ilikuwa imekwisha kuenea tumboni. Mimi nampenda daktari wa namna hii, asiyedanganya wala kutisha.

Basi dada alipasuliwa, kisha akaanza dawa za kutiwa mshipani, karboplatini na paklitakseli, kila wiki tatu, mara sita. Hapo karatasi ile ikapata kazi mpya. Dawa hizi huua chembe nzuri pia, kwa hiyo damu hupimwa kabla ya kila dawa, na nyutrofili zikishuka chini ya 1,500 mara nyingi mgonjwa huambiwa angoje kwanza. Yalimpata dada mara moja. Alikasirika sana! Yeye aliyekataa nauli sasa anagomba kwa kuwa amerudishwa nyumbani.

Chembe sahani zake sasa ni 290,000. Hajaniuliza maana yake. Dawa ya nne ni Jumanne ijayo, nasi tutatoka Mbagala saa kumi na moja alfajiri, maana foleni ya maabara haingoji mtu.