Mapumziko si Zawadi



Tulipoanza kufundisha shule ya msingi, tulikuwa na adhabu moja tuliyoiona ya upole, kwa kuwa haikuwa na kiboko: mtoto asiyenakili vema maneno ya ubaoni alibaki darasani wakati wenzake wakicheza uani. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alibaki karibu kila siku. Alikunja macho, akaandika herufi ambazo hazikuwapo, nasi tukamwita mvivu. Mwisho wa mwaka tulimketisha benchi la mbele ili tumchunge. Siku hiyo alinakili yote bila kosa. Kumbe hakuwa akiona mbali.

Kasoro hiyo hutokea mara nyingi jicho linapokua na kurefuka kupita kiasi, hata vitu vya mbali vikaonekana kama vimefunikwa na ukungu. Jicho likisha kurefuka, halirudi. Urithi wa wazazi unachangia, na kadhalika kukaa muda mrefu juu ya kitabu au simu. Lakini mwanga wa mchana humkinga mtoto: wataalamu wengi wanaona kuwa huamsha ndani ya jicho kemikali iitwayo dopamini, nayo huzuia jicho lisirefuke upesi.

Katika mji wa Guangzhou, nchini Uchina, jambo hilo lilipimwa katika shule 12. Nusu ya shule hizo ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wamepata kasoro hiyo. Katika shule nyingine walikaribia 40. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015.

Tulipoyasoma hayo, tulimkumbuka yule mtoto wetu. Hatusemi kwamba adhabu yetu ndiyo iliyomharibia macho. Hilo hatuwezi kulijua. Lakini twajua kwamba kila siku tulimnyima kile ambacho macho ya mtoto yanakihitaji, tukikigawa kama zawadi kwa wale walioona vizuri.

Ninyi mnaowaongoza watoto siku ya Jumamosi, toeni somo nje, chini ya mwembe. Kivuli chatosha, maana hata hapo mwanga hupita ule wa darasani. Wala mtoto asilikodolee jua macho. Msimnyime mchezo kwa kosa lolote. Naye anayekunja macho, mketisheni mbele, mkawaambie wazazi wampeleke kwa mganga wa macho, kwani mchezo hauchukui nafasi ya miwani.

Na kabla ya kumwita mtoto mvivu, mwulizeni: “Mwanangu, unaona nini pale ubaoni?” Sisi swali hilo hatukuliuliza mwaka mzima.