Basi la Jioni

Juzi nimemaliza kusoma tena Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake anachunguza mauaji huko Unguja, na katika kuchunguza anafukua siri za ukoo zilizofichwa miaka mingi. Zamani nilikuwa namhusudu sana. Siku hizi najiuliza: akishaondoka, majirani huamkiana vipi?

Nina sababu. Mwaka jana mhariri alinituma kijiji fulani kufuatilia kifo ambacho kila niliyemuuliza alidai hajui kilitokeaje. Bibi mmoja akanisimulia yote, kisha akanishika mkono: "Mjukuu wangu, wewe jioni unapanda basi. Mimi nabaki hapa."

Sikuandika. Mhariri alifoka, nikamwambia nimekosa chanzo cha habari.

Abdulla naye alikuwa mhariri, wa gazeti la Mkulima kule Zanzibar. Labda ndiyo maana akapenda riwaya: humo unafichua kila kitu na hakuna bibi anayebaki nyuma.

Lakini yule marehemu je? Naye alikuwa mjukuu wa mtu. Ungekuwa wewe, ungeandika?