Pembetatu Tulizozikariri

Vijana wanaojiandaa leo kwa GMAT, mtihani wa kuombea nafasi katika shule za biashara za Marekani na Ulaya, hawaulizwi tena habari za pembetatu. Toleo jipya lilipoanza Novemba 2023, wenye mtihani wao waliifuta jiometri, wakaifuta insha, wakaifuta na sehemu ya kusahihisha sentensi za Kiingereza. Mwisho wa Januari 2024 toleo la zamani likafungwa kabisa. Habari hizi nilizipata kwa binti wa dada yangu, aliyekuja kuniamkia na kuomba ushauri, kwa kuwa kwao inajulikana kwamba mjomba aliwahi kupambana na mtihani huo. Nikamtolea kadi zangu za manila, zimefungwa kwa mpira uliokwisha kukauka. Akazipekua moja moja: 3, 4, 5; 5, 12, 13; ile ya nyuzi 30, 60 na 90. Kisha akauliza kwa adabu zake zote, "Mjomba, kwani mlikuwa mnaomba MBA au ufundi seremala?"

Mwaka wetu ulikuwa 2006. Aliyekuwapo Dar es Salaam mwaka ule anaukumbuka kwa mgao wa umeme. Mvua zilikuwa zimegoma, maji ya bwawa la Mtera yameshuka, na jiji zima likawa linaishi kwa ratiba ya giza. Mimi nilikuwa ofisa mikopo wa ngazi ya chini katika benki moja ya mjini, na nilikuwa na ndoto ya vijana wengi wa maofisini wa rika langu: MBA ya ng'ambo, kisha kiti cha kuzunguka.

Tulikuwa kundi dogo. Mhasibu wa bandarini, dada mmoja wa kampuni ya simu, mhandisi wa maji, mimi, na mwalimu wa hesabu wa sekondari ambaye bila yeye tusingefika popote. Tulikutana mwisho wa wiki jioni barazani kwa mama yake mhasibu, Magomeni, kwa kuwa palikuwa na upepo, chai ya rangi na karabai. Mama yule hakujali GMAT ni kitu gani. Alichojua ni kwamba wanawe wanasoma kitu kisichokwisha. "Wanangu," alikuwa akisema akiweka sinia la maandazi, "huo mtihani wenu hauna siku?"

Kitabu kilikuwa kimoja, ule mwongozo rasmi wa wenye mtihani. Mtu fulani alikuja nacho kutoka London, kikapita mikono mingi, na kilichotufikia sisi hakikuwa kitabu bali nakala ya nakala, iliyotolewa kopi kwenye steshenari moja ya Posta na kubanwa kwa springi ya plastiki. Sasa, mwenye kitabu wa mwanzo alikuwa amezungushia majibu yake kwa penseli, na mashine ya kopi haijui kutunza siri. Duru zake zikatoka kwenye kila nakala iliyozaliwa baadaye. Kwa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona swali likiwa safi. Unaanza kusoma hesabu, na jicho limeshakutangulia kuona kwamba mtu usiyemjua alichagua C. Tulimpa jina, tukamwita Marehemu, ingawa kwa tunavyojua huenda yuko hai na mwenye afya njema. Ubishi ukikolea, mmoja angeuliza, "Marehemu anasemaje?" Kwenye hesabu Marehemu alikuwa hodari. Kwenye Kiingereza alikuwa anatuponza.

Kulikuwa na aina moja ya maswali ambayo mpaka leo naiheshimu. Hukuulizwa jibu. Uliulizwa kama habari ulizopewa zinatosha kulipata hilo jibu. Chukua mfano: je, x ni kubwa kuliko 3? Kauli ya kwanza inasema x ikizidishwa kwa x unapata 16. Kauli ya pili inasema x ni chanya. Mwenye papara anaiona 16, anasema x ni 4, kauli ya kwanza inatosha, anasonga mbele. Amesahau hasi 4, ambayo nayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe inatoa 16. Kauli ya pili peke yake haikwambii kitu. Ukiziunganisha zote mbili ndipo zinatosha, na jibu ni C.

Mwalimu alikuwa akitufundisha haya kwa chaki kwenye mlango wa mbao wa uani. Alitukataza katakata kutafuta x. "Nani kakutuma utafute x?" alikuwa akifoka, vumbi la chaki limemjaa kwenye nyusi. "Umeulizwa inatosha au haitoshi. Kaa hapo hapo." Ilituchukua muda mrefu kuielewa adabu hiyo, sisi tuliolelewa na mitihani ya kutafuta jibu kwa vyovyote. Nilikuja kuiona faida yake kazini. Mteja analeta leseni ya biashara, taarifa ya akaunti ya miezi michache na picha ya shamba, na meneja anauliza tumpe au tusimpe. Nilijifunza kusema hazitoshi, nikataja na kile kinachokosekana. Mabosi hawakulipenda jibu hilo, lakini mikopo iliyokuja kulala haikuwa yangu.

Kiingereza ndicho kilichotutoa jasho. Sisi tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukakutana na Kiingereza cha kufundishiwa kidato cha kwanza, tukakizoea cha ofisini. Mtihani unakupa sentensi ya mistari minne, sehemu yake imepigiwa mstari, na chini yake kuna namna tano za kuiandika. Zote tano, ukiziweka kwenye barua ya ofisi yoyote Dar es Salaam, zingepita bila mtu kuinua kichwa. Lakini moja tu ndiyo sahihi kwa masikio ya Mmarekani msomi. Mhandisi wetu, mtu aliyekuwa akisimamia maji ya wilaya nzima, nilimwona akitokwa na jasho juu ya koma usiku mmoja mpaka mafuta ya karabai yakaisha. Mtihani huu ulianza 1954, mwaka ilipozaliwa TANU, ukitungwa kwa ajili ya shule za biashara za Marekani na waombaji wao. Hakuna aliyekuwa akimfikiria mtu wa Magomeni.

Ndiyo maana habari ya Novemba 2023 iliniuma kidogo. Wenye mtihani walieleza kwamba toleo jipya limebakiza stadi zinazohusu zaidi kazi ya biashara. Sawa, nakubaliana nao. Ila wale waliokosa nafasi kwa ajili ya koma miaka yote ile, habari yao ndiyo imeishia hapo?

Kuna na suala la kompyuta. Tangu 1997 GMAT ulikuwa unafanywa kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe ndiyo iliyokuwa ikichagua swali linalofuata: ukipata, inakupa gumu zaidi, ukikosa, inakuteremsha. Huruki swali, hurudi nyuma. Likija swali jepesi unaingiwa na hofu badala ya kufurahi. Sisi mambo haya tulikuwa tunayafanyia mazoezi kwenye karatasi. Siku chache tulizojikusanya kwenda kwenye intaneti kafe ya Kariakoo kujaribu mtihani wa mazoezi, umeme ulikatika katikati, mazoezi yakafa, na mwenye kafe akadai hela ya saa nzima.

Ada ilikuwa dola 250, zaidi ya laki tatu za wakati huo, na ililipwa kwa kadi ya benki ambayo hata sisi wa benki hatukuwa nayo. Dada wa kampuni ya simu alikuwa na kaka yake Muscat. Kaka akalipa kwa kadi yake, sisi tukapeleka shilingi kwa mama yao Ilala, na hesabu zikafungwa kwa uaminifu.

Mwalimu hakupeleka kitu. Mshahara wake wa mwezi haukufika ile ada, na alikuwa na watoto wake na wadogo zake wa kuwasomesha. "Nyie tangulieni," alisema, kama mtu anayewaachia wenzake daladala iliyojaa. Jumamosi iliyofuata alikuja na chaki zake kama kawaida.

Safari ilikuwa ya Nairobi, kwa basi la alfajiri kutoka Ubungo: Chalinze, Segera, Moshi, Arusha, kisha foleni ya Namanga. Mlangoni kwa kituo cha mtihani tulitoa pasipoti. Mhandisi alikuwa amejiandikisha kwa jina lake na la baba, kama anavyojulikana kazini. Pasipoti yake ilimalizia na jina la babu. Kwetu huyo ni mtu yuleyule, kwa sababu mtu ana jina lake, la baba na la babu, na huita lile linalohitajika. Kwa msimamizi wa kile kituo walikuwa watu wawili. Akamrudisha. Ada ikapotea, na yeye akatusubiri nje kwenye ngazi mpaka tulipomaliza. Hakuwahi kujaribu tena, na sikuwahi kumlaumu.

Ndani hapakuwa na karatasi. Tulipewa vibao vya plastiki vya njano vyenye miraba, na kalamu ya wino. Insha mbili za nusu saa kila moja, kisha hesabu 37 kwa dakika 75, kisha maswali 41 ya lugha kwa dakika 75 nyingine. Pembetatu zilikuja, na nilizipata. Ukimaliza, skrini inakupa alama papo hapo kati ya 200 na 800.

Alama zangu hazikuwa za Harvard, ila zilitosha kupata nafasi kwenye chuo kimoja cha Uingereza. Barua ya nafasi ilikuja. Barua ya ufadhili haikuja. Nikaahirisha mwaka, nikaoa, nikaahirisha tena. Alama za GMAT hutumika kwa miaka 5 tu, na zangu zikaisha muda wake zikiwa kwenye bahasha. MBA nilikuja kuisoma jioni hapa hapa Dar es Salaam, nikitoka kazini, na hakuna aliyeniuliza pembetatu hata moja. Kiti cha kuzunguka nilikipata. Kinauma mgongo.

Mpwa wangu anasoma kwa namna nyingine kabisa. Mtihani wake una maswali 64 kwa saa mbili na robo, sehemu tatu za dakika 45, na anachagua mwenyewe aanze na ipi. Anaruhusiwa kurudi nyuma na kubadilisha majibu hadi matatu katika kila sehemu, neema ambayo ningeilipia. Anafanya mazoezi kwenye kompyuta yake inayomwambia alitumia sekunde ngapi kwa kila swali. Akikwama saa nane za usiku anaiuliza programu, inamweleza, akiuliza tena inamweleza tena bila kununa. Wenzake wa kusoma nao wako Lagos na Mumbai, hajawahi kuwaona uso kwa uso. Aliwaza kuufanyia mtihani nyumbani, maana siku hizi inawezekana, lakini kamera inataka chumba kitulie na asiingie mtu, na jirani yao hupiga singeli kuanzia saa tatu asubuhi. Akaona aende kituoni.

Na huo mtihani wenyewe hauna tena ubabe wa zamani. Harvard inapokea mtihani mwingine, GRE, badala yake tangu 2009, na baada ya korona vyuo vingi vilianza kuwasamehe mtihani waombaji wenye uzoefu wa kazi. Sisi tuliuona kama mlango pekee wa nyumba.

Yale maswali ya inatosha au haitoshi yamebaki, yamehamishiwa kwenye sehemu ya takwimu. Nikafurahi, nikachukua kalamu nimweleze habari ya x. Akanisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema, "Mjomba, hii nilishaielewa." Bila shaka alikuwa ameielewa. Nilitamani tu angeisikia ikifokewa mlangoni pale Magomeni.

Kati yetu wote, aliyeujua mtihani ule kuliko mwingine yeyote ni Mwalimu, na jina lake halimo kwenye orodha yoyote ya alama. Mhasibu na yule dada walikwenda ng'ambo wakarudi. Mimi nilifika nusu ya njia. Mwalimu alistaafu akiwa mkuu wa shule mkoani Tabora. Ukinilazimisha nimtaje mmoja wetu aliyestahili kukabidhiwa kampuni aiendeshe, namtaja yeye bila kufikiri mara mbili.

Wewe unayejiandaa sasa, niliyomwambia mpwa wangu ndiyo nakwambia na wewe. Kabla hujamlipa mtu wa tuisheni, ingia kwenye tovuti ya wenye mtihani ufanye mitihani miwili ya mazoezi wanayoitoa bure. Jiandikishe kwa jina kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, hasa lile la mwisho. Na kama hujajua ada ya chuo itatoka wapi, usikimbilie kulipia karibu dola 300 za mtihani wa leo. Tafuta ufadhili kwanza, maana ile miaka 5 huanza kuhesabiwa siku unayoinuka kwenye kiti.