Chini ya Kitonga, Gari la Wakfu Lilipotufunza Subira

Taarifa ya msiba ilitufikia Dar es Salaam baada ya Isha. Maalimu wetu, aliyetusomesha madrasa kwa miaka mingi kabla ya kurejea kwao Iringa, alikuwa ametangulia mbele ya haki, na maziko yangekuwa kesho yake baada ya Adhuhuri. Ilipotimu saa nane za usiku tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya Toyota HiAce ya msikiti, gari la dizeli ambalo muumini mmoja alilitoa wakfu likiwa limekwisha kuzeeka. Tukasoma dua ya safari, tukaelekea magharibi.

Ni mwendo wa takriban kilomita 500. Alfajiri tuliisali Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Jua lilitukuta Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita zipatazo 50. Tukapunguza mwendo kama sheria inavyotaka, na vijana wakahesabu twiga na nyani. Baada ya hapo njia huzunguka vilima na kuingia bonde la Mto Ruaha Mkuu. Mibuyu imejaa pande zote mbili, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimepangwa kando ya barabara, na joto la bondeni humpokea msafiri kama mlango wa tanuri.

Hapo ndipo dereva wetu, mzee aliyepata kuendesha malori, alipoacha kuzungumza. Mbele yake zimefungwa geji mbili ndogo, moja ya presha ya oili na nyingine ya joto lake. Hatuna budi kukiri kwamba mzee alipoomba zinunuliwe, sisi wenyewe, wenye dhamana ya ukatibu, tuliandika katika muhtasari wa kikao kuwa gari lina taa nyekundu ya oili na kwa hiyo geji ni anasa. Alizinunua kwa fedha zake.

Tofauti ya vitu hivyo tuliielewa siku ile. Taa ya oili huwaka pale presha inapokuwa imekaribia kwisha. Ni kama jirani anayekuja kukuarifu habari za moto paa likiwa limekwisha kuanguka. Geji hutoa habari mapema. Oili inapopata joto huwa nyepesi, na ikiwa nyepesi hupenya upesi katika nafasi za beringi zilizolika, hivyo presha hushuka. Presha ikikosekana, chuma husuguana na chuma, na injini hunoki. Mafundi wengi hukadiria kwamba injini inapozunguka mara 1,000 kwa dakika, presha isipungue psi 10. Ikizunguka mara 2,500, isipungue 25. Na joto la oili likiwa kati ya nyuzi 90 na 110, safari ni salama.

Asubuhi tulikuwa tumesoma psi 45 na nyuzi 95. Tulipokaribia Kitonga, tukiwa nyuma ya malori yaendayo Zambia, joto lilifika 130 na presha ikaanguka hadi 20. Lori la mbele lilipokaribia kusimama, taa nyekundu ikapepesa mara mbili. Mzee akatoka barabarani, akasimama penye tambarare, akazima injini papo hapo.

Ilikuwa saa nne na nusu. Mbele yetu kulikuwa na ule mlima wenye kona kali, na nyuma ya mlima Maalimu wetu akisubiri kuoshwa na kusaliwa.

"Mzee wetu, twende polepole tu," kijana mmoja akasihi. "Tutakosa janaza."

"Mwanangu, tukinoki kwenye kona ya Kitonga tutakosa janaza na gari," akajibu. Kisha akatugeukia. "Ustadh, wewe ndiye katibu. Gari hili ni la nani?"

Tulinyamaza. Jibu alilijua, nasi tulilijua. Gari la wakfu si letu hata tuwe na haraka ya kheri kiasi gani, na roho za watu kumi na mmoja si za kufanyia majaribio.

Tuliteremka, tukaketi chini ya mbuyu. Injini ilipopoa, mzee aliinua kiti cha mbele, akachomoa kijiti cha oili. Kilikuwa kikavu hadi chini ya alama ya mwisho. Gasketi ilikuwa ikivuja, na oili iliyosalia ilikuwa chache mno kubeba joto lile. Aliongeza oili aliyoichukua kutoka nyumbani, akaongeza kidogo tena hadi alama ya juu, wala hakuivuka. Baada ya saa moja na nusu tukapanda Kitonga kwa gia ndogo, bila kuikaza injini, madirisha wazi. Presha haikushuka chini ya 30.

Tuliingia Iringa karibu saa tisa. Maalimu alikuwa amekwisha kuzikwa. Tulikwenda makaburini, tukapanga safu, tukamsalia juu ya kaburi lake, kama Mtume (SAW) alivyomsalia mtu aliyekuwa akifagia msikiti wake, alipoarifiwa kifo chake baada ya maziko. Yule kijana alilia sana. Mzee alimshika mkono mpaka tulipotoka.

Tuliporejea Dar es Salaam, ajenda ya kwanza ya kamati ilikuwa gasketi. Ya pili ilikuwa kumrudishia mzee fedha za geji, na kurekebisha maneno tuliyoyaandika. Alizipokea, akazitia zote katika sanduku la msikiti, akaomba jambo moja tu: oili ipimwe kila Ijumaa kabla ya gari kutoka, na anayepima atie saini. Saini ya kwanza katika daftari hilo ni yetu.