Ngome Ihamayo

Tosamaganga, mahali pa misheni karibu na mji wa Iringa, pana baridi lakini hapana barafu. Mwezi wa Juni na wa Julai wenyeji hujitanda mablanketi mpaka jua lipande. Huko juu zaidi, Njombe na Kitulo, sakitu huanguka usiku ikaunguza majani ya viazi, na kulipokucha huyeyuka isiache alama ila majani yaliyokauka. Barafu nene iwezayo kubeba watu wazima kumi na wawili wakikimbizana juu yake kwa viatu vya chuma haijapata kuonekana katika nchi ile. Kwa hiyo atakaye kuwasimulia watu wa Uhehe maisha ya mlinzi wa hoki ya barafuni hana budi kuanza na kitu wakijuacho, nacho ni ngome.

Kutoka Tosamaganga hata Kalenga si mwendo mrefu. Kalenga ndipo Mtwa Mkwawa alipojenga ngome yake ya mawe, iliyojulikana kwa jina la Lipuli. Mwezi wa Agosti 1891 askari wake waliliangamiza jeshi la Wajerumani huko Lugalo. Mwezi wa Oktoba 1894 Wajerumani walirudi na mizinga, wakaivunja ngome. Ukuta ule ulikuwa imara, lakini ulikuwa na upungufu wa kuta zote: ulisimama mahali pamoja, na adui alijua pa kuupiga. Baada ya hapo Mkwawa alipigana karibu miaka minne pasipo ukuta, leo huku na kesho kule, mpaka kifo chake mwezi wa Julai 1898. Katika habari hiyo ulinzi umeonekana kwa sura mbili. Upo ulinzi wa mawe, ukaao mahali pake mpaka uangushwe, na upo ulinzi wa mtu, ambao huenda na mwenyewe popote aendapo.

Johnny Oduya alikuwa mlinzi wa sura hiyo ya pili. Alizaliwa Stockholm, Uswidi, mwaka 1981, mama yake Mswidi na baba yake Mkenya. Jina Oduya ni la Kijaluo, la watu wa kando ya Ziwa Viktoria, na kulisikia likitangazwa katika viwanja vya barafu vya Marekani na Kanada ni jambo la kumfanya Mwafrika wa Mashariki ageuze shingo. Kaka yake, Fredrik, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka sita, alikuwa mlinzi vilevile katika mchezo ule ule. Maisha ya ndugu hawa wawili yatazamwe pamoja, maana moja halieleweki sawasawa bila ya jingine.

Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Katika ligi kuu ya Marekani na Kanada uwanja una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, nao umezungushiwa ukuta. Kila upande huweka watu sita, mlinda lango akiwa mmoja wao. Hupigania kisahani cha mpira mgumu chenye unene wa inchi 1 na upana wa inchi 3, wakikipiga kwa fimbo zilizopinda. Mbio za barafuni ni kali hata mchezaji hawezi kustahimili zaidi ya dakika moja hivi. Hutoka akakaa kutweta, mwingine akaingia, kisha naye akarudi tena. Mbele ya mlinda lango husimama walinzi wawili. Kazi yao ni kurudi nyuma kinyumenyume kwa kasi ile ile ya adui ajaye mbele, kumsukumia pembeni penye ukuta, kumnyima nafasi ya kupiga, na akipiga, kukipokea kisahani kwa mguu, kwa ubavu, hata kwa kidevu.

Kazi hiyo ikitendwa vyema, halitokei jambo lolote. Mshambuliaji hufika pembeni, kisahani hupotea, mchezo hurudi upande wa pili, na watazamaji huendelea kunywa kahawa yao. Lakini mlinzi akikosea mara moja, taa nyekundu huwaka nyuma ya lango na watu elfu ishirini hulitaja jina lake kwa ubaya. Mfungaji huhesabiwa kwa yaliyotokea. Mlinzi angehesabiwa kwa yasiyotokea, lakini nani awezaye kuyahesabu? Watu wa Iringa wameonja jambo hili katika kandanda. Klabu yao ya Lipuli, iliyochukua jina la ngome ya Kalenga, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Lindi mwaka 2019, ikafungwa na Azam bao 1 kwa 0. Bao lile moja linakumbukwa, na aliyelifunga anatajwa. Mashambulizi yaliyozuiwa siku ile, kwa upande huu na upande ule, hayana mwandishi.

Kwa sababu hiyo mlinzi wa kawaida aghalabu hununuliwa kwa bei ndogo na kuuzwa bila ya machozi. Mwaka 2001 klabu ya Washington ilimchagua Oduya, naye alikuwa wa 221 katika orodha ya vijana wa mwaka ule. Mtu wa 221 si mtu angojewaye. Washington haikumchezesha hata siku moja. Alirudi kwao Uswidi, akazichezea Hammarby, Djurgården na Frölunda, na ilipofika mwaka 2006, alipokuwa akitimiza miaka 25, ndipo alipoanza kuichezea New Jersey katika ligi kuu. Huko alidumu miaka mitatu na nusu. Kisha, mwezi wa Februari 2010, New Jersey ilimtamani Ilya Kovalchuk, Mrusi mfungaji mashuhuri aliyekuwa Atlanta, na miongoni mwa watu waliotolewa ili Mrusi huyo apatikane alikuwamo Oduya. Alitiwa katika mizani kama jiwe la kusawazishia.

Mwaka uliofuata klabu yenyewe ya Atlanta iliuzwa ikahamishiwa Winnipeg, Kanada, mwendo wa kutoka kusini ya joto hata kaskazini ya theluji. Hivyo hata yule ambaye hakuuzwa alihama. Mwezi wa Februari 2012 Winnipeg ilimpeleka Chicago, ikapewa badala yake haki ya kuchagua vijana wawili mwaka 2013, yaani watu ambao siku ile hakuna aliyewajua kwa majina. Mwaka 2015 alikwenda Dallas kwa mkataba wa hiari yake. Mwezi wa Februari 2017 Dallas ilimrudisha Chicago. Mwaka ule ule alikwenda Ottawa, na mwezi wa Februari 2018 akaangukia Philadelphia, ambako alicheza mchezo mmoja tu. Jumla alivaa jezi za miji saba, akacheza michezo 850 ya ligi, na mabao aliyofunga katika michezo hiyo yote hayakutimia hamsini.

Watu wa Nyanda za Juu za Kusini wana neno linalokaribia habari hii, nalo ni manamba. Katika enzi ya ukoloni wanaume wengi wa Njombe na Iringa walitia sahihi mikataba wakachukuliwa mbali, hasa katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake, wakaitwa kwa namba hiyo. Mchezaji wa hoki naye hubeba namba mgongoni na mkataba mfukoni. Ulinganisho huu usipite kiasi. Manamba alilipwa ujira wa shida na kulala kambini, na Oduya alilipwa mamilioni ya dola na kulala hotelini. Si haki kuziita taabu hizi mbili kwa jina moja. Kinachofanana ni kimoja tu. Mtu hulala akiwa wa mahali fulani, na asubuhi hupigiwa simu kuwa amekuwa wa mahali pengine, kwa neno la watu waliokaa ofisini wakati yeye hayupo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Na afikapo, kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mfungaji aweza kuingia katika timu ngeni akafunga siku ile ile, maana lango ni lile lile kila mji. Mlinzi hafanyi kazi peke yake. Hana budi kumjua mwenzi wake kama mtwangaji amjuavyo mwenziwe katika kinu kimoja. Yampasa ajue mwenziwe hupanda mbele saa ngapi, hugeukia mkono gani akisukumwa, na hunyamaza au huita akiona hatari. Maarifa hayo hayaandikwi katika mkataba, wala hayasafiri. Hujengwa upya katika kila mji. Huko Chicago Oduya alipata mwenzi, Mswidi mwenziwe, Niklas Hjalmarsson, na wawili hao walipewa kila jioni kazi ya kuwakabili washambuliaji wabaya kuliko wote wa upande wa pili.

Mwezi wa Juni 2013 Chicago ilikutana na Boston katika fainali ya Kombe la Stanley. Katika mchezo wa kwanza Chicago ilikuwa nyuma kwa 3 kwa 1, ikapunguza, kisha Oduya akapiga kisahani kutoka mbali, kikagonga kiatu cha mlinzi wa Boston na kuingia. Yakawa 3 kwa 3, na Chicago ikashinda baada ya nyongeza tatu za muda. Mchezo wa sita ulichezwa Boston tarehe 24 Juni. Dakika ya mwisho ilikuwa karibu, na Chicago ilikuwa nyuma kwa 2 kwa 1. Bryan Bickell akasawazisha. Zilipita sekunde 17. Oduya, akiwa mbali na lango, akapiga. Michael Frolik akakigusa kisahani kwa fimbo, kikagonga mwamba wa lango na kurudi, naye Dave Bolland, aliyekuwa karibu, akakisukuma ndani. Kombe likawa la Chicago.

Ukiuliza ni nani aliyefunga bao lile, utaambiwa Bolland, nalo ni jibu la haki. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini chombo kikielea hutajwa nahodha, na fundi aliyepiga msumari wa kwanza amekwisha kwenda kwenye chombo kingine. Jambo la kutazamwa zaidi lilikuja miaka miwili baadaye. Mwaka 2014 Oduya alipata medali ya fedha na Uswidi katika Olimpiki ya Sochi, Kanada ikiwashinda katika fainali kwa 3 kwa 0. Mwaka 2015 Chicago ilifika tena fainali, safari hii ikiwa imempoteza njiani mlinzi mmoja, Michal Rozsival, aliyevunjika kifundo cha mguu. Mzigo ukawaelemea hasa wanne: Duncan Keith, Brent Seabrook, Hjalmarsson na Oduya. Mchezo wa mwisho, tarehe 15 Juni 2015, Tampa Bay, timu yenye wafungaji wakali, ilifungwa 2 kwa 0. Sifuri ile ilikuwa kazi ya mlinda lango na walinzi wake. Usiku huo yasiyotokea yaliandikwa ubaoni kwa namba, watu wote wakayaona.

Hapo ndipo inapofaa kumrudia Fredrik. Naye alichaguliwa na klabu ya ligi kuu, San Jose, mwaka 1993, miaka minane kabla ya mdogo wake. Alivuka bahari, akazunguka katika timu za daraja la chini, katika miji ambayo ushindi wake hausomwi nje ya wilaya, akifanya kazi ile ile ya kurudi kinyumenyume na kupokea mapigo. Hakupata kucheza hata mchezo mmoja wa ligi kuu. Mwishoni mwa mwaka 2011 alikufa nchini Uswidi kwa ajali ya pikipiki, akiwa na umri wa miaka 36. Johnny alikuwa Winnipeg. Miezi mitatu baadaye Winnipeg ilimpeleka Chicago, na kutoka huko majina ya washindi yakachorwa katika fedha ya kombe, mara ya kwanza 2013 na mara ya pili 2015.

Yumkini mtu atasema kwamba mmoja alifaulu na mwingine akashindwa, na kwa kipimo cha kombe asemavyo ni kweli. Lakini kombe haliwezi kuwa kipimo cha pekee cha kazi ambayo sehemu yake kubwa haionekani. Kama thamani ya mlinzi ni yale aliyoyazuia, basi Fredrik naye aliyazuia mengi, mbele ya watazamaji wachache, kwa ujira mdogo, na kila asubuhi aliamka akafunga viatu vyake kama kwamba kesho ligi kuu itamwita. Bahati ilimwita mdogo wake akiwa wa 221. Ingaliweza kutomwita, na mikono na miguu yake isingalikuwa duni kwa sababu hiyo. Nalo neno lililochorwa baada ya jina la Johnny ni Oduya, jina la baba yao, ambalo kaka alilibeba kwanza katika viwanja vile.

Vijana wa shule wacheza mpira, huko Tosamaganga na kwingineko, hupangwa kila mmoja mahali pake, na aliyeambiwa acheze nyuma mara nyingi hurudi nyumbani amenuna, akidhani ametupwa mahali pa wasiojua kucheza. Yafaa aambiwe habari za ndugu hawa kama zilivyo, pamoja na kuuzwa na kuhama kwao, asidanganywe kuwa atashangiliwa. Kisha aonyeshwe jambo moja ambalo watazamaji hawalioni. Mlinda lango, mpira uondolewapo miguuni pa adui na hatari ikapita, humtazama mlinzi wake mara moja, akamtikisia kichwa, ndipo wote wawili wakarudi mahali pao.