Kikuukuu Nacho Kinyemi

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Nchini Poland methali hii imepinduliwa. Kila kiangazi, wenye motokaa za enzi ya ukomunisti huzikusanya katika viwanja vya miji, wakazipanga safu safu na kuzifunua injini, nao wazee kwa vijana wakaja kuzitazama kwa macho ya mahaba. Motokaa zenyewe hazina mbio wala nafasi, na katika enzi zake zilisifika kwa kukwama njiani kuliko kwa kufika. Basi ni kitu gani kinachopendwa katika kikuukuu hiki?

Mfikirie mtu aliyezaliwa Warszawa mnamo mwaka wa 1965. Kumbukumbu zake za awali za safari si za motokaa bali za basi na tramu, maana motokaa ya kibinafsi ilikuwa ya wachache. Basi lililompeleka kwa nyanyake mashambani lilikuwa aina ya Jelcz 043, iliyoundwa tangu 1959 hadi 1986 kwa leseni ya Chekoslovakia. Kwa kuwa lilikuwa la mviringo kote kote, watu walilibandika lakabu ya ogórek, yaani tango. Wazazi wake walimhadithia kuhusu tramu za miaka ya baada ya vita, zilizofurika hata abiria wakaning'inia milangoni. Abiria hao wakaitwa winogrona, zabibu, kwa jinsi walivyoshikamana kama kishada.

Yeye mwenyewe alikumbuka zaidi tiketi. Abiria alijitobolea tiketi kwa kifaa kilichofungwa ndani ya tramu. Palipokosekana upenyo wa kukifikia, tiketi ilipitishwa mkono hadi mkono mpaka kwa aliyesimama karibu nacho, ikatobolewa, kisha ikarudi kwa njia ile ile hadi kwa mwenyewe. Watu wasiojuana kwa jina wala kwa sura walitendeana hivi asubuhi na jioni, wala hakuna aliyeona kuwa ametenda wema.

Lugha ya mitaani nayo ilizipa motokaa uhai ambao viwanda havikuweza kuzipa. Mwaka wa 1951, kiwanda cha FSO kilichokuwa Żerań kilianza kuunda gari lililopewa jina la jiji, Warszawa, kwa leseni ya gari la Kisovieti lililoitwa Pobeda, yaani ushindi. Mwaka wa 1957 likafuata Syrena, maana yake nguva, yule mwanamke nusu samaki aliye katika nembo ya jiji hilo. Injini yake ya mipigo miwili ilitaka petroli iliyochanganywa na oili, ikaacha nyuma moshi na harufu isiyosahaulika. Raia hawakuridhika na jina la nguva. Wakaliita skarpeta, soksi. Tena, kwa kuwa milango ya matoleo ya mwanzo ilifungukia mbele, gari hilo liliitwa pia mkamata-kuku. Ilisemwa kwa mzaha kwamba likienda na mlango wazi lingezoa kuku wote wa njiani.

Lakini gari lililoingia katika nyumba za watu wa kawaida lilikuja mwaka wa 1973. Liliundwa Bielsko-Biała, na baadaye Tychy pia, kwa leseni ya Fiat ya Italia. Jina lake la karatasini lilikuwa Polski Fiat 126p. Urefu wake ulizidi mita 3 kidogo tu, na injini yake ya silinda mbili, iliyokaa nyuma, ilianza na nguvu za farasi 23. Watu wakaliita Maluch, yaani kitoto. Ilipofika 1997 kiwanda chenyewe kilisalimu amri, kikaifanya lakabu hiyo kuwa jina rasmi la gari.

Bei ya kwanza ya kitoto hiki ilikuwa zloti 69,000, takriban mshahara wa wastani wa miaka miwili. Pesa zililipwa kabla, zikawekwa katika kitabu cha benki, kisha mlipaji akangoja. Baba wa mtu wetu alingoja kama wenzake, mwaka baada ya mwaka, akikitunza kitabu kile kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wakati huo huo, jirani mwenye jamaa wakubwa alipata talon, kibali cha kununua bila foleni, akaendesha gari lake miezi michache baadaye. Uhaba ulipozidi, gari lililokwisha kutumika liliuzwa sokoni kwa bei kubwa kuliko ile ya jipya kiwandani, maana la sokoni mtu alilipata siku ile ile.

Hatimaye zamu ya baba ilifika. Hakuna aliyeuliza rangi. Kiangazi hicho, watu watano na mizigo yao walijibana ndani, mabegi mengine yakafungwa juu ya paa, wakaelekea kusini hadi Bulgaria. Maluch la siku hizo liliwashwa kwa kuvuta wenzo mdogo uliokuwa katikati ya viti vya mbele. Waya wake ulipokatika, mtu alikwenda nyuma, akafunua injini, akaisukuma stata kwa mpini wa ufagio. Baba aliuweka mpini huo garini daima. Usiku alizing'oa waipa za kioo akaingia nazo nyumbani, kwani kulipopambazuka zingekuwa zimekwisha kuibwa. Kila Jumamosi, wanaume wa jengo lile walikutana uani wakiwa wamelala chini ya magari, wakiazimana spana na vipuri.

Hapa ndipo kumbukumbu inapoanza kudanganya. Waswahili husema mavi ya kale hayanuki. Anayeukumbuka ua ule wenye vicheko husahau upesi kwamba spana iliazimwa kwa sababu dukani haikuwepo. Husahau Desemba 1981, wakati serikali ilipotangaza utawala wa kijeshi na vifaru vikapita katika barabara zile zile za tramu, na husahau petroli iliyogawiwa kwa kadi katika miaka iliyofuata. Wapo waliolipia magari yao mwaka huo wa 1981 wasiyapate kamwe. Utawala ulianguka mwaka wa 1989, pesa zao zikaliwa na mfumuko wa bei, na baadaye serikali mpya ikalazimika kutunga sheria ya kuwafidia. Kuna waliozeeka wakingoja, na maisha yao hayarudishwi na fidia.

Maluch la mwisho lilitoka kiwandani Septemba 2000, baada ya zaidi ya milioni 3.3 kuundwa nchini Poland. Toleo hilo la kuaga liliitwa Happy End, mwisho mwema. Mtu wetu sasa amekwisha kutimiza miaka sitini. Gari lake huwaka kwa kubonyeza kitufe, na halijui jina la jirani yeyote aliyewahi kulisukuma. Hatamani hata kidogo mjukuu wake angoje kama baba alivyongoja. Hata hivyo, akipita uwanjani na kuona vikuukuu vimepangwa, husimama. Syrena moja inapowashwa na moshi wake kutanda, wengine hucheka na kuziba pua. Yeye huivuta ile harufu hadi ndani, na katika harufu hiyo humwona baba akitoka mlangoni alfajiri, waipa mbili mkononi na mpini wa ufagio kwapani.