Jua la Kajiado Lilinifundisha Kupima

Mimi ni mwalimu mstaafu. Miaka mingi niliishi Kitengela katika nyumba ya kupanga, nikifundisha shule ya msingi upande wa Athi River. Stima kwangu ilikuwa swichi ukutani, na tokeni zikiisha, pesa kidogo kwa simu. Sasa naishi nje ya Ilbissil, katika kijumba cha mbao na mabati cha vyumba viwili, kwenye ploti niliyoipata kupitia chama chetu cha walimu. Nguzo ya umeme haijafika huku, lakini taa zinawaka, maziwa yanakaa kwenye friji, na kompyuta ninayoandikia maneno haya imechajiwa na jua la leo. Natoa ushuhuda huu kwa sababu kazi ya kupanga umeme huo ilinibadilisha mimi mwenyewe. Nilikuwa mtu wa kutumia bila kujua natumia nini. Leo najua kila wati inakokwenda, na maisha yangu yana utulivu ambao sikuwa nao mjini.

Watu huniuliza kwa nini sikungoja stima ya kawaida. Ukitoka Isinya kuelekea Namanga utaiona minara mirefu ya chuma imebeba nyaya za volti 400,000 kwenda mpaka wa Tanzania. Kaunti yetu hii ya Kajiado ndiyo yenye mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, inayozalisha megawati 100 na kuzipeleka kituo cha Isinya. Lakini umeme wa nguvu namna hiyo haushushwi kwenye nyumba moja iliyo chini ya waya. Unahitaji kituo cha kuupunguza, kisha laini ndogo, kisha transfoma ya kijiji. Mradi wa Last Mile wa kuunganishia nyumba stima, ulioanza mwaka wa 2015, ulisaidia jamaa zangu wengi kwa ada ya Sh15,000, lakini ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Iliyo karibu nami iko mbali kuliko hapo mara kadhaa.

Tena nilikuwa nimeanza kufikiria jua hata kabla ya kuhama. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Mtaa wetu wa Kitengela ulinyamaza kabisa. Nikakaa kitandani nikijiuliza: mimi hasa nahitaji umeme kiasi gani ili niishi vizuri? Sikuwa na jibu, na nilikuwa nimeulipia umri wangu wote.

Jibu lilianza kupatikana nilipokutana na fundi wa sola, kijana wa Kajiado mjini. Kabla yake nilikuwa nimepita kwenye duka moja, na muuzaji akanionyesha paneli na betri, bei ikiwa tayari imeandikwa, bila kuniuliza hata nyumba ina vyumba vingapi. Huyu kijana alianza kwa kunionyesha leseni yake ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ile ambayo sheria inamtaka kila fundi wa sola awe nayo. Kisha akakaa chini.

“Mwalimu,” akasema, “sitakutajia paneli leo. Nenda nyumbani uandike kila kitu chako kinachotumia stima, kinakula wati ngapi, na kwa siku kinawaka saa ngapi. Ukimaliza nipigie.”

“Na nikishaandika?”

“Tutapiga hesabu pamoja. Wewe ndiye utakayekaa na huu umeme, si mimi.”

Nilirudi Kitengela nikageuza kila kifaa kuangalia karatasi yake ya nyuma. Jioni hiyo mambo yalinifungukia. Hita ya bafuni ilikuwa ya wati 5,000. Mtu akioga kwa dakika 12 anamaliza wati-saa 1,000, yaani yuniti nzima. Taa zote za nyumba zikiwaka jioni nzima hazikufika hata robo ya hapo. Pasi ilikuwa wati 1,200, birika la umeme wati 2,000. Nikaelewa kwamba karibu pesa zangu zote za tokeni zilikuwa zikienda kupasha joto vitu, na mwanga wenyewe, ambao ndio niliokuwa nikiulilia usiku ule wa giza, ulikuwa ukigharimu kidogo sana.

Uamuzi wa kwanza ulitoka hapo: chochote cha kupasha joto hakitaingia kwenye sola. Kupika na kuchemsha maji ni kwa gesi. Nguo nazipiga pasi ya makaa, kama mama yangu alivyofanya. Maji ya kuoga naweka kwenye jerikeni nyeusi juani, na mchana wa Kajiado huyafanya yawe moto wa kutosha.

Vilivyobaki tukaviandika pamoja. Taa 6 za ndani za wati 5, saa 5 kila jioni: wati-saa 150. Taa 2 za nje za wati 5, saa 12 usiku kucha: 120. Simu na redio: 50. Kompyuta ya wati 50 kwa saa 4: 200. Ruta ya intaneti ya wati 10 kwa saa 10: 100. Runinga ndogo ya wati 40 kwa saa 4: 160. Friji ndogo, ambayo injini yake huwaka na kuzima mchana na usiku: 500. Jumla ni wati-saa 1,280 kwa siku. Nyumba nzima ingeishi kutwa kucha kwa umeme ambao hapo awali niliumaliza kwa kuoga mara moja na kuchemsha chai.

Kisha fundi akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: “Mwalimu, Julai huku kunakuwaje?” Sote tunaofahamu nyanda hizi tunajua. Januari jua linawaka tangu asubuhi na anga ni safi. Julai mawingu ya baridi yanaweza kulala hadi mchana. Akaniambia mfumo hupangwa kwa mwezi mbaya. Ukipanga kwa Januari, Julai utarudi kwenye koroboi. Kwa hiyo tukahesabu saa 4 tu za jua kamili kwa siku. Kwa kuwa nyaya, betri na inveta hupoteza kama robo ya umeme njiani, ili nipate 1,280 za kutumia paneli zilihitaji kutoa karibu 1,700. Gawanya kwa 4 upate wati 425. Tukaweka paneli 2 za wati 300, ili kuwe na nafasi ya vumbi na siku za mawingu mazito.

Mahali pa kuziweka ndipo nilipojifunza kutoka kwa jirani yangu, mama mzee wa Kimaasai ninayemwita yeyo. Karibu na nyumba kuna mgunga mkubwa, na kivuli kikiangukia hata pembe moja ya paneli, umeme hushuka sana. Nilikuwa nikiweka mawe ardhini kuonyesha ncha ya kivuli: jiwe saa tatu asubuhi, jiwe saa sita, jiwe saa kumi. Yeyo akasimama na mbuzi wake akinitazama.

“Mwalimu, unachunga kivuli?”

“Nakichunga, yeyo. Nataka kujua kinalala wapi.”

Akanyoosha fimbo. Akaniambia miezi ya baridi kivuli hicho hulala upande huu, na miezi ya joto huhamia upande ule, kwa maana mbuzi wake hukifuata mchana mwaka hadi mwaka. Mawe yangu yalionyesha siku moja tu, naye alikuwa na mwaka mzima kichwani. Tukahamisha paneli kwenye pembe ya paa ambayo mbuzi hawajawahi kulala chini yake.

Sisi tuko kusini kidogo mwa ikweta, nyuzi 2 hivi, kwa hiyo katikati ya mwaka jua hupita upande wa kaskazini. Paneli zangu zimeelekea huko kwa mwinamo wa nyuzi 10, zikilitazama jua vizuri katika miezi ileile ambayo huwa haba. Mwinamo huo pia huacha mvua iteremke na vumbi. Kati ya paneli na mabati tuliacha nafasi ya kupitisha upepo, maana paneli ikipata moto kupita kiasi hutoa umeme pungufu. Naziosha alfajiri kwa maji matupu na kitambaa laini, kabla kioo hakijapata joto.

Betri ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya pesa, na ndiyo iliyohitaji akili zaidi. Wengi huku hutumia betri ya gari kwa kuwa inapatikana. Betri hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Ukiitumia kuwasha nyumba usiku kucha itachoka mapema. Fundi alinieleza kwa maneno ya nyumbani kwao: ng'ombe humkamui hadi tone la mwisho, ndama lazima abakiziwe chake, la sivyo mwakani huna maziwa wala ndama. Betri ya asidi iliyotengenezwa kwa ajili ya sola usiishushe chini ya nusu. Ya lithiamu inavumilia kutumiwa hadi asilimia 80. Nilichagua lithiamu ya volti 24 na ampea-saa 100, ambayo huhifadhi kama wati-saa 2,400. Nikitoa hiyo asilimia 80, nina siku moja na nusu hata jua lisipotoka.

Kuhusu volti, wati 600 kwa volti 12 ni ampea 50, na kwa volti 24 ni ampea 25. Ampea zikipungua, waya hauhitaji kuwa mnene sana wala haupati moto. Tukaweka fyuzi karibu kabisa na betri, na chuma cha athi kikazikwa ardhini kwa sababu ya radi, maana nyumba yangu imesimama peke yake uwandani. Mambo haya hayaonekani ukipita barabarani, lakini ndiyo yanayolinda nyumba isiungue.

Zile taa 2 za nje niliziandika kwa makusudi. Huku fisi hupita, na majirani wana mifugo. Watu wa Kitengela tunamkumbuka Richard Turere, mtoto wa Kimaasai aliyekulia kando ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Akiwa na miaka 11 aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaohama. Alichukua paneli ya sola, betri kuukuu ya gari, kisanduku cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, akafanya taa zimulike kwa zamu kuzunguka boma, na simba wakaacha kumaliza ng'ombe wa baba yake. Mwaka wa 2013 alisimama kwenye jukwaa la TED huko Marekani akaueleza ulimwengu. Mtoto yule alijua hasa anachohitaji: mwanga unaotembea, usiku, kuzunguka zizi. Vifaa vikafuata baada ya hapo.

Na Wakenya hatukuanza jana kutumia jua. Mwaka wa 1984 shule ya upili ya Karamugi kule Meru iliwekewa taa za sola, na kutoka hapo mafundi wengi wakajifunza kazi. Baadaye kampuni kama M-KOPA zikaleta sola ya kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa. Yeyo anayo ya namna hiyo, taa tatu na redio, na kwa boma lake inatosha. Simwambii aongeze kitu ambacho hakihitaji.

Nimebadilikaje? Asubuhi naangalia kijisanduku cha betri ukutani kama ninavyoangalia anga. Ikiwa mawingu ni mazito, kazi ya kompyuta naisogeza hadi mchana na runinga inapumzika. Siku za jua tele, majirani huleta simu zao na vitabu vya wajukuu, na jioni meza yangu inakuwa darasa tena. Nilipokuwa mjini umeme ulinikatikia bila onyo. Hapa naona upungufu unakuja tangu mchana, nami najipanga. Namshukuru Mungu kwa amani hiyo, na namshukuru kijana aliyekataa kuniuzia chochote kabla sijajijua.

Wewe unayejenga Mashuuru, Magadi, au shamba lolote lililo mbali na nguzo, nakusihi usianzie dukani. Andika wati na saa za kila kifaa. Ondoa vya kupasha joto. Hesabu kwa mwezi wako mbaya. Fuatilia kivuli, na umuulize anayechunga hapo. Mwombe fundi leseni na risiti, na umtake akueleze kila waya hadi uelewe.

Siku hizi yeyo na wanawake wenzake wa kikundi cha maziwa wanataka friji ya sola, maana maziwa ya jioni huharibika kabla boda boda haijafika asubuhi. Tumeanza kuandika: lita ngapi kila jioni, zikae baridi saa ngapi, na Julai ng'ombe hutoa kiasi gani. Fundi atakuja wakimaliza, na wao wenyewe ndio watakaomsomea hesabu.